Mahindi ya Juni, Bukari ya Februari

Ukitaka kujua kama mahindi yamekauka, usimuulize anayeyauza. Chukua punje moja, iweke kwenye gego, uma. Ikivunjika kwa kishindo kama kijiti cha kiangazi, hayo mahindi yanaweza kulala ghalani. Ikibonyea hata kidogo, mrudishie mwenyewe gunia lake na umwambie asante. Magego yangu mawili ya kulia yaliishia kwenye kazi hiyo, na sikuwahi kuyadai kwa mtu.

Naanza na meno kwa sababu ya Elie, mtoto wa mdogo wangu Banza. Juzi alikuja kunisalimia hapa Kikula, mtaa wetu wa Likasi, akavuta kiti cha plastiki, akanionyesha simu yake. Ndani kulikuwa na mstari unaopanda na kushuka kama njia ya kwenda Kakanda. Akanieleza kwamba ananunua vipande vya makampuni ya ng'ambo, asubuhi ananunua, mchana anauza. Rafiki zake wengine wanasema huo ni ujinga, mtu anunue kisha aache miaka ipite. Wamebishana mpaka wawili kati yao hawasalimiani hata kanisani.

"Tantine," akaniambia, kama wanavyomwita shangazi huku kwetu, "weye ulifanyaka biashara miaka yote. Kuuzisha mbio ao kungojea, njia gani iko muzuri?"

Nikamuuliza, "Hii kampuni, uliiuma?"

Akacheka. "Tantine, hii haiumwake!"

"Basi nani aliiuma kwa ajili yako?"

Mimi nilikuwa na chungu motoni. Kwa hiyo jibu naliandika hapa, lake na lenu ninyi wengine mnaotembea huku mnatazama simu. Makampuni ya ng'ambo siyajui. Mahindi nayajua.

Nilianza kuuza kwa meka. Meka ni lile bakuli la kupimia ambalo kila mama wa soko analo, na kila mama wa soko anasema yake ndiyo ya haki. Unaijaza, unatengeneza kilima juu, mpaka punje zianze kuteleza pembeni. Halafu, baada ya kumimina kwenye mfuko wa mteja, unaongeza konzi moja. Hiyo konzi ndiyo matabishi. Hailipiwi. Mteja asipopewa matabishi anaondoka na uso wa mtu aliyeibiwa, hata kama umempimia vizuri. Wako wanaobonyeza tumbo la meka kwa ndani ili ipokee kidogo. Wateja wanawajua kwa majina.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza. Asubuhi nachukua gunia kwenye lori, mchana kutwa nauza meka kwa meka, jioni nina gunia la kesho na kitu cha kununulia kapenta, dagaa wetu. Sikuichagua kazi hiyo. Baba yetu alikuwa mvunja mawe kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, akafa kwa kifua. Mama alimfuata kabla ya msimu wa mvua uliofuata. Mimi nilikuwa mkubwa, nikaacha shule. Nyuma yangu walikuwepo Banza, Odette, na Sifa ambaye alikuwa bado ananyonya kidole.

Baada ya matanga, ndugu za baba walikaa uani. Baba mdogo Mwepu ndiye aliyesema kwa niaba yao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake, shamba lake upande wa Lufira, na kichwa kilichozoea kugawanya vitu. Shauri lao lilikuwa tayari: Banza aende Kolwezi kwa mmoja, Odette Kakanda kwa mwingine, Sifa abaki kwake, na lupango la baba, yaani kiwanja na nyumba yake, lipangishwe. Mimi nilikuwa na umri wa kuolewa, kwa hiyo hawakuona haja ya kunipangia.

Nikasema hapana, tutakaa pamoja.

Wakatazamana. Baba mdogo akakuna goti, akasema, "Sikia, Ngoie. Unasema utabalea, muzuri, ubalee. Lakini siku mumoja wao atakuja kwangu kulomba bunga, njo siku nitabagawanya. Bila kikao ingine."

Bunga ni unga. Msifikiri alitoa tishio kubwa. Alisema kama mtu anayesema bei. Tangu siku hiyo nilijua thamani ya kazi yangu: unga usipungue, hata jioni moja, mpaka Sifa awe mtu mzima.

Nirudi kwenye kuuza mbio. Rafiki yangu wa karibu sokoni alikuwa Fifi, na Fifi ndiye mwuzaji wa mbio bora niliyemwona maishani. Gunia lilikuwa halijakaa chini vizuri, yeye amekwisha kulifungua. Alikuwa na sauti ya kuvuka barabara mbili. Bei ikipanda asubuhi, anajua kabla ya dereva. Ikishuka, yeye amekwisha kumaliza. Kuna siku alipata faida ambayo mimi ningeipata kwa wiki nzima. Basi Elie asije akasema kwamba Tantine anadharau wauzaji wa mbio.

Ila mbio zina wanaokula njiani. Kila gunia linapohama, mtu anataka chake: mwenye mkokoteni, mbebaji, mwenye tiketi ya soko, mlinzi, na punje zinazomwagika ambazo kuku wa jirani wanazihesabu kama haki yao. Gunia moja ukilihamisha mara nyingi, unakuta umefanya kazi kwa ajili ya wenye mikokoteni. Halafu mbio zinataka miguu yako na koo lako kila siku. Fifi alipopatwa na malaria, soko halikumngojea. Alirudi amekonda, akaanza tena na nusu gunia.

Aliyenifundisha kungojea alikuwa Mama Numbi, mjane aliyekuwa na ghala dogo nyuma ya soko. Nilimwona mwezi wa Juni, mahindi yanapokuwa mengi na malori yanapanga foleni, ananunua wakati sisi sote tunauza. Nikamuuliza kama hana akili.

"Weye," akasema, "Juni unakulaka bukari?"

"Ndiyo, Mama."

"Na Februari?"

"Ndiyo."

"Bei iko moja?"

Bukari ni ugali, na Februari kwetu ndiyo mwezi wake mbaya. Mvua inanyesha, mashamba ni ya kijani, lakini mahindi mapya bado hayajakomaa na ya zamani yamekwisha. Meka ya Februari si meka ya Juni, hata kama bakuli ni lilelile. Kila mtu Likasi anajua hilo. Anayelijua na bado ana magunia Februari ndiye mfanyabiashara.

Mama Numbi alinifundisha kama mtu anayefundisha kupika, bila kueleza sana. Mahindi hayapendi sakafu: weka mbao, na chini ya mbao weka matofali, ili hewa ipite na panya aonekane. Hayapendi ukuta: acha nafasi ya mtu kupita kwa ubavu. Changanya na majivu ya jikoni yaliyochekechwa. Weka pilipili kavu kati ya magunia. Kila baada ya siku kadhaa ingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Ukisikia joto, mimina yote juani, kwa sababu ndani kuna wadudu au kuna maji. "Wadudu wanakula kila siku," alikuwa akisema, "hata siku bei haipande." Na usiweke magunia yote nyumba moja. Yeye aliweka mengine kwa dada yake mtaa wa pili, kwa sababu aliwahi kuona nyumba ya mtu ikiungua na msimu mzima ndani yake.

Lakini somo lake la kwanza kabisa lilikuwa la kamba nyekundu. Kabla ya kuhesabu magunia ya biashara, unatenga yale ya kula nyumbani mpaka mahindi mapya, unayafunga mdomo kwa kamba nyekundu, unayasukuma kwenye kona. Hayo si mali. Hata malaika akija na bei, hayauzwi. Kisha akaongeza neno ambalo nimelirudia kwa watu wengi: pesa ya bukari ya leo haingii ghalani. Ukinunua mahindi ya kungojea kwa pesa utakayoihitaji kesho kutwa, si wewe utakayechagua siku ya kuuza. Tumbo la watoto ndilo litakalochagua, na tumbo huuza bei yoyote.

Ilinichukua misimu kadhaa ya kuuza kwa meka mpaka nikawa na cha kuweka. Nikahamisha vitanda, chumba cha baba na mama kikawa ghala, sisi wanne tukalala sebuleni. Fifi alipoona, alipiga makofi.

"Ngoie! Unalala nyumba moja na mahindi kama vile bwana! Inakupatiaka joto?"

"Afadhali yenyewe," nikamjibu. "Haikorome."

Mwaka ninaotaka kuusimulia, nilikuwa na ghala lililojaa kuliko wakati wowote. Juni nilinunua kwenye malori, nikauma punje mpaka taya ikauma. Baba mdogo Mwepu naye alileta mavuno yake yote kutoka Lufira, akayauza siku ileile pale kwenye lori, akanunua pikipiki. Nilimshauri aache magunia machache. Akaniambia pikipiki haina wadudu.

Kufika Oktoba, bei ilikuwa imeanza kupanda, na Banza alikuwa ameanza kunizunguka. Alikuwa na rafiki, Pitshou, aliyekuwa akinunua mifuko ya mawe ya shaba kwa wachimbaji wa Kakanda na kuiuza kwenye depo, mahali wanunuzi wakubwa wanapopima mawe.

"Yaya, uzisha hii mahindi yote," Banza akasema, yaya kwetu ikiwa ni dada mkubwa. "Pitshou anatia makuta yake leo, kesho kutwa pesa inarudia mara mbili. Weye unangojea mpaka Februari juu ya nini?"

"Na ikirudia nusu?"

"Aah, Yaya! Weye unaonaka mabaya tu!"

Sikumpa ghala. Lakini mtoto wa kiume ukimnyima kila kitu anatafuta dirisha, kwa hiyo nilimpa gunia moja. Nikamwambia, hili ni la kuchezea, likipotea hatutalia, na hutapata la pili. Alilitoa kwa mkokoteni siku ileile, akaliuza.

Mara ya kwanza lilirudi kweli mara mbili. Akanunua miwani ya jua na kuku. Tulikula kuku, na alikula akiwa amevaa miwani. Odette alimuuliza kama anaona paja liko upande gani. Mara ya pili yeye na Pitshou walinunua mawe mazuri ya kijani, yanayong'aa, mazito. Depo wakapima, wakaona uzito mwingi ni maji na mng'ao ni wa juu tu. Aliyewauzia alikuwa ameyalowesha. Banza alirudi kutoka Kakanda kwa baiskeli, na baiskeli haikuwa yake.

"Soko ilitudanganya," akasema.

"Soko halina mdomo. Mliyavunja kuangalia ndani?"

"Ilikuwa mbio, Yaya. Batu wengine walitaka kuyabeba."

Nawaambia ninyi vijana: mtu akikuharakisha usiume, ndiyo saa ya kuuma. Banza aliacha kunizunguka. Miwani aliendelea kuivaa.

Sasa nije kwenye kosa langu mimi, maana mnaweza kufikiri kungojea ni kukaa tu.

Mama Numbi alikuwa na desturi ambayo sikuielewa. Ghala lake lilifunguliwa kila siku. Hata mwezi ambao hakutaka kuuza, asubuhi alifungua mlango, akaweka gunia moja kizingitini, akapima meka mbili tatu kwa majirani na matabishi yake, kisha akafunga. Mimi niliona huko ni kupoteza. Kama bei ya Februari ni nzuri, kwa nini niuze hata meka moja Novemba? Nikataka kuuza yote siku moja, siku bei iko kileleni. Basi nikanunua kufuli, nikafunga chumba. Nikaendelea kuuza sokoni mahindi ya wengine.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Novemba ilikatika anga likiwa jeupe. Desemba ikaingia, wingu linakuja upande wa mtaa wa Panda, linatusalimia, linaenda. Watu waliokuwa wamepanda walipanda mara ya pili. Bei ya meka ikawa inabadilika kati ya asubuhi na jioni. Mimi moyoni nilikuwa nafanya hesabu kwa furaha, Mungu anisamehe.

Na katikati ya hayo nikakuta wadudu. Niliingiza mkono kwenye gunia, nikasikia joto. Nikafanya nilivyofundishwa: nikamimina juani nyuma ya nyumba, nikachekecha, nikachanganya majivu mapya. Halafu nikachoma pilipili kavu kwenye kigae ndani ya chumba, nikafunga mlango na dirisha ili moshi uue waliobaki. Moshi ukatoka kwenye nyufa za dirisha, mwembamba, wa kukohoza, ukapanda moja kwa moja kwa sababu hapakuwa na upepo. Nilirudia kesho yake, na kesho kutwa.

Fikirini majirani waliona nini. Binti asiye na wazazi, ana mahindi hauzi, amefunga na kufuli, na ndani anachoma kitu ambacho moshi wake unaenda juu, na mawingu yanapofika yanageuka. Kwetu jambo hilo lina jina tangu zamani. Wanasema mwenye mahindi amefunga mvua ili bei ipande.

Kwanza waliacha kunisalimia. Kisha Sifa alirudi kutoka kuchota maji akaniuliza, "Yaya, mvua iko ndani ya chumba cha Mama?" Nikacheka. Jumapili, baada ya ibada, sikucheka tena. Walikuja watu wa mtaa mzima, wakiwa bado na nguo za kanisani, wengine na Biblia mkononi. Mama wa jirani, ambaye mama yangu alimpokelea watoto wake wote walipozaliwa, alisimama mbele.

"Ngoie, mvua iko wapi?"

"Mama, mimi nitajuaje?"

"Fungua ile chumba. Ukikataa, batu watafungua."

Kijana mmoja alikuwa ameshika kiberiti. Labda alikuwa mvutaji tu wa sigara. Banza alivua miwani, akasimama mlangoni. Odette alimbeba Sifa mgongoni ingawa Sifa alikuwa mzito sasa. Na kwa nje nikasikia pikipiki: Baba mdogo Mwepu. Mtu alikuwa amekwenda kumwita. Hakuja kwa ugomvi. Aliegesha, akakaa kwenye tofali, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ngoie, funganyia batoto bintu vyao. Leo wanalala kwangu. Kesho tutaona nani anaenda wapi."

Hapo nilielewa kitu ambacho hakimo kwenye hesabu ya bei. Nilikuwa na magunia ya kutosha kulisha mtaa, unga haukupungua hata jioni moja, na bado nilikuwa nawapoteza.

Mama Numbi alifika kwa miguu, meka yake chini ya kwapa. Alipita katikati ya watu kana kwamba ni siku ya soko, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mlango wangu.

"Ngoie. Nipimie."

"Mama, leo bei—"

"Nilikuuliza bei? Nipimie kwa ile ya kabla hukufunga kufuli."

Nikafungua. Moshi wa pilipili uliokuwa umebaki ukatoka, ukawapata waliokaribia wote machoni. Mzee mmoja wa kwaya alipiga chafya mpaka kofia ikaanguka. Alipopata pumzi akasema, "Kama hii njo dawa ya mvua, hata mvua ingekohoa!"

Watu wakacheka, wengine bila kutaka. Mama Numbi aliwaita waingie wawili wawili. Wakaona mbao juu ya matofali, majivu, kigae cha pilipili, magunia. Mama wa jirani alichukua pilipili iliyoungua, akainusa, akairudisha. Yeye mwenyewe alitumia vilevile kwa maharage yake.

Nikajaza meka, nikapanga kilima, nikammiminia Mama Numbi. Hakusimama.

"Na matabishi yangu? Ao hiyo nayo uliifunga na mvua?"

Sasa walicheka kwa kutaka. Nikatoa konzi. Baada yake mama wa jirani alishika foleni, na nyuma yake wengine, wakiwa na mifuko, sahani, hata kitambaa cha kichwa. Niliuza mchana wote kwa bei ya zamani, na kila mtu matabishi. Yule kijana wa kiberiti alisaidia kubeba.

Magunia ya biashara yalipopungua sana, Baba mdogo aliingia. Akaelekeza kidole kwenye kona.

"Na ile ya kamba nyekundu? Kama unauzisha, uzisha yote. Bei ya leo iko muzuri hata hivi."

"Ile siuzi, Baba mudogo."

"Juu ya nini?"

"Juu ya neno lako. Ulisema siku mutoto atakuja kwako kulomba bunga."

Akatoka, akawasha pikipiki. Hakumwambia mtu afunganye.

Mvua haikunyesha siku hiyo; nasema hivyo nisiwape hadithi nzuri kuliko ilivyokuwa. Ilinyesha siku yake. Mimi kuanzia Jumatatu nilifungua mlango kila asubuhi, nikaweka gunia kizingitini, nikauza kidogo kwa bei ya siku, nikafunga. Bei ilipanda, nikauza kidogo. Ikapanda tena, nikauza kidogo. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyekuwa na ghala kubwa aliendelea kufunga, anangoja kilele. Januari malori ya Zambia yakafunguliwa njia, yakaingia kwa foleni, na bei ikaanguka kabla ya mchana. Sikupata kilele. Hakuna niliyemjua aliyekipata, isipokuwa kwa bahati, na wenye bahati hiyo waliitafuta tena mwaka uliofuata bila kuipata. Nilipata mabati mapya ya sebuleni, karo ya Odette, na magunia ya Juni iliyofuata. Fifi naye alipata faida yake ileile ya kila siku, akaninunulia soda kwa sababu nilikuwa sijachomwa moto.

Basi Elie, ukiniuliza tena, jibu langu ni hilo lote. Uza mbio kama una miguu ya mbio na unajua wanaokula njiani. Ngojea kama una kamba nyekundu na umeuma mwenyewe. Ukitaka kucheza, mpe mchezo gunia moja, na mwulize baba yako kuhusu miwani.

Malori ya Zambia hayakukaa. Yalikuja wiki chache, yakapungua, na Februari ikarudi kuwa Februari. Asubuhi moja ya matope nilikuwa kizingitini na meka yangu. Mke wa Baba mdogo aliingia uani akiwa na beseni tupu, amelifunika kwa kitenge, kama watu wanavyofanya wasipotaka njia ijue wanakwenda kufanya nini. Alikuwa amekuja kwa miguu. Pikipiki ilikuwa imesimama tangu Krismasi.

Tulisalimiana. Akauliza habari za Odette, za Banza. Sifa alikuwa anacheza na punje chini ya mbao. Mama mdogo alimtazama, kisha akatazama beseni lake. Akaliweka chini, karibu na meka yangu.

Niliingia ndani, nikafungua gunia moja la kamba nyekundu, kwa kuwa Odette alikuwa amekwisha kupiga hesabu na tungefika kwenye mahindi mapya na kubaki na kitu. Nikampimia bure mpaka beseni likajaa, kila meka na kilima chake. Alipoinama kulibeba nikamwambia, "Ngoja, Mama mudogo," nikamwongezea matabishi.

Habari ya kuwagawanya watoto haikusemwa tena katika ukoo wetu.